Picha kabla ya sindano: MRI ilivyobadili safari ya mgonjwa wa tezi dume

Pale soko la nafaka la Tandale, Dar es Salaam, mnunuzi wa mpunga hafungui kila gunia. Huchukua bambo, hulichoma gunia ubavuni, hutoa punje chache na kuzitazama kiganjani. Akikuta zimeoza, amepata jibu. Akikuta nzima, bado hajui kilichomo kwenye pembe ambayo bambo halikufika. Kwa karibu miaka 30 ndivyo tezi dume ilivyopimwa katika hospitali kubwa za dunia, na ndivyo inavyopimwa mpaka leo katika nyingi za kwetu.

Aliyewahi kumsindikiza baba yake kliniki ya mkojo anaujua utaratibu. Damu hupimwa PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe. Kipimo kikivuka kiwango, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa nanogramu 4 kwa mililita, mzee hulazwa ubavu, kifaa cha altrasaundi huingizwa kwenye njia ya haja kubwa, na sindano huchoma tezi mara 10 hadi 12 kuchukua vinyama vya kupeleka maabara, yaani biopsi. Kuchoma kwa mpangilio namna hiyo kulianza Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambako madaktari waliandika mwaka 1989 kuhusu biopsi ya sindano 6. Baadaye sindano zikaongezwa kwa matumaini kwamba wingi wake utafidia upofu wake. Maana altrasaundi humwonyesha daktari mipaka ya tezi tu, na saratani nyingi hazionekani humo. Anachoma kushoto na kulia, juu na chini, akiomba apate.

Upofu huo ulikuwa na gharama mbili, na ya pili ndiyo isiyosemwa sana.

Ya kwanza ni kuikosa saratani iliyopo, hasa ile iliyojificha upande wa mbele wa tezi, mbali na sindano inayotokea nyuma. Mtu anaambiwa yuko salama, anachinja mbuzi, kisha baada ya miaka miwili mgongo unaanza kuuma.

Ya pili ni kuikuta saratani ambayo isingemuua. Tezi dume ina saratani za namna mbili kitabia. Ipo inayokimbilia mifupa, na ipo inayolala miaka 20 bila kumsumbua mwenyewe, naye akafa uzeeni kwa jambo jingine kabisa. Sindano ya kubahatisha huiokota hii ya pili kwa wingi. Jina la saratani likishatamkwa ndani ya nyumba, nani atakaa kimya? Familia inachanga, mzee anafanyiwa upasuaji au mionzi, na wapo wanaobaki wakivuja mkojo au wameshindwa tendo la ndoa kwa ajili ya ugonjwa ambao ungetazamwa tu.

Hapo bado hatujataja maambukizi. Sindano inayopitia njia ya haja kubwa hubeba bakteria wa utumbo na kuwaingiza kwenye tezi, na kutoka hapo wanaweza kuingia kwenye damu. Kinga iliyozoeleka ilikuwa vidonge vya siprofloksasini. Kwetu dawa hiyo hununuliwa dukani kama pipi, bila cheti cha daktari, na bakteria wameshaizoea. Ndiyo sababu vituo vingi sasa vinachoma kupitia msamba, kwenye ngozi iliyosafishwa, badala ya kupitia utumbo.

Wanaume 576

Mwaka 2012 vituo 11 vya Uingereza vilianza utafiti ulioitwa PROMIS, ambao Hashim Ahmed na Mark Emberton wa University College London walikuwa miongoni mwa viongozi wake. Swali lao lilikuwa rahisi kulitamka na gumu kulijibu: je, picha ya MRI ikipigwa kabla ya sindano yoyote inaweza kumtenganisha mwanamume mwenye saratani ya hatari na asiyekuwa nayo?

Ugumu ulikuwa katika kupata ukweli wa kulinganishia. Huwezi kusema picha imekosea kama hujui kilichomo ndani ya tezi. Kwa hiyo kila mwanamume alipitia vipimo vitatu. Kwanza alipigwa picha. Kisha, akiwa amelala kwa nusu kaputi, alichomwa kupitia msamba kila baada ya milimita 5, tezi nzima, ili asibakie mtu wa kubishana na matokeo. Mwisho alifanyiwa biopsi ya kawaida kwa njia ya haja kubwa. Waliosoma picha hawakuambiwa sindano zimeleta nini, wala wenye sindano hawakuonyeshwa picha.

Wanaume 576 walikamilisha vyote vitatu. Sijui kama watu wa namna hii hushukuriwa vya kutosha. Walikubali kuchomwa zaidi ya walivyohitaji, ili wanaume wa kesho wachomwe kidogo.

Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2017. Kati yao, 230 walikuwa na saratani ya kuogopwa, yaani kali au kubwa. Biopsi ya kawaida iliwatambua 111, ikiwa ni chini ya nusu. MRI iliwatambua 213, sawa na asilimia 93. Kipimo kilichotumika dunia nzima, ambacho mamilioni ya wanaume walirudi nacho nyumbani wakiamini wamepona shaka, kiliwakosa wagonjwa wengi kuliko kiliowapata.

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Wanaume 158, zaidi ya robo ya wote, picha zao hazikuonyesha la kutilia shaka, na hao wangeweza kusamehewa sindano. Lakini 17 kati ya hao 158 walikuwa na saratani ya kuogopwa ambayo picha haikuiona. Na kati ya wanaume 418 ambao picha iliwatilia shaka, karibu nusu hawakuwa na ugonjwa wa kiwango hicho. Kwa maneno mengine, MRI haitangazi kwamba mtu ana saratani. Inapanga foleni: nani achomwe, achomwe wapi, na nani aachwe kwanza. Kituo chochote kinachomwambia mteja kwamba picha pekee imemaliza kazi kinamdanganya.

Mwaka uliofuata utafiti wa PRECISION, uliohusisha wanaume 500 katika nchi 11, ulikwenda hatua moja mbele. Nusu walifanyiwa biopsi kwa mtindo wa zamani. Nusu nyingine walipigwa picha, na aliyeonekana na doa ndiye pekee aliyechomwa, tena kwenye doa lenyewe. Saratani ya kuogopwa ilipatikana kwa asilimia 38 ya kundi la picha, dhidi ya asilimia 26 ya kundi la zamani. Zile saratani ndogo zisizo na madhara zikashuka kutoka asilimia 22 hadi 9. Na katika kundi la picha, zaidi ya robo hawakuguswa na sindano kabisa. Mwaka 2019 mwongozo wa kitaifa wa tiba wa Uingereza ukaifanya MRI kuwa kipimo cha kwanza baada ya PSA kwa mwanamume anayeshukiwa kuwa na saratani ambayo haijasambaa.

Mashine inaona nini

MRI haitumii mionzi kama eksirei au siti skani. Ni sumaku. Zile za hospitali huwa na nguvu ya tesla 1.5 au 3, na hata hiyo ndogo inaizidi sumaku ya dunia takriban mara 30,000. Inapozungushiwa mawimbi ya redio, hidrojeni iliyomo kwenye maji ya mwili hutoa ishara, na kompyuta huzigeuza kuwa picha.

Kwa tezi dume hupigwa picha za aina tatu. Aina ya kwanza huonyesha umbo la tezi na sehemu zake. Aina ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye akili zaidi, hupima mwendo wa maji. Kwenye tezi yenye afya maji yana nafasi ya kutembea. Palipoota saratani seli zimesongamana, maji yanakosa pa kupita, na mkwamo huo huonekana kama doa. Aina ya tatu huhitaji sindano ya dawa ya gadolini kwenye mshipa, ili ionekane damu inafika wapi haraka kuliko inavyopaswa.

Mgonjwa hulala kwenye tundu la mashine kwa dakika 30 hadi 45, katikati ya kelele za kugongagonga, asijitikise. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo lazima aseme kabla ya kuingia. Fundi wa kuchomelea vyuma naye aseme, maana kipande kidogo cha chuma kilichobaki jichoni tangu ujana kinaweza kuvutwa na sumaku. Mwenye ugonjwa wa figo aseme pia, kwa sababu ya ile dawa.

Jambo moja la utaratibu limekuwa likikosewa hata na wenye nia njema. Zamani picha ilifuata baada ya biopsi, ili kuona saratani iliyokwisha kupatikana imesambaa kiasi gani. Lakini biopsi huacha damu ndani ya tezi, na damu hiyo huichafua picha kwa wiki kadhaa. Aliyechomwa jana akapigwa MRI kesho amelipia picha ya jeraha. Picha hutangulia.

Daktari bingwa wa radiolojia huipa picha alama kati ya 1 na 5, kwa mfumo uitwao PI-RADS ulioanza mwaka 2012 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2015 na 2019. Alama 1 na 2 maana yake saratani ya hatari haitarajiwi. Alama 4 na 5, sindano haina budi. Alama 3 ndiyo inayowaumiza madaktari kichwa, na hapo huingia hesabu ambayo mgonjwa yeyote anaweza kuifanya mwenyewe.

Chukua PSA, igawanye kwa ukubwa wa tezi kwa mililita, ambao huandikwa kwenye ripoti ya picha. Mwanamume mwenye PSA ya 6 na tezi ya mililita 60 anapata 0.10. Mwenzake mwenye PSA hiyo hiyo 6, lakini tezi ya mililita 30, anapata 0.20. Madaktari wengi hutumia 0.15 kama mstari. Huyu wa kwanza huenda PSA yake imepanda kwa sababu tezi imekua tu, kama inavyokuwa kwa wazee wengi, na kukua huko si saratani. Huyu wa pili ana tezi ndogo inayotoa protini nyingi kupita kiasi, naye hata akiwa na alama 3 atashauriwa kuchomwa. Watu wawili waliokaa benchi moja na karatasi za maabara zenye namba ileile wanaweza wasiwe na jambo moja kabisa.

Kuna udhaifu mwingine unaotuhusu sisi kuliko Wazungu. Uvimbe sugu wa tezi unaweza kujifanya saratani kwenye picha. Kifua kikuu kikishuka hadi kwenye tezi dume hutoa doa ambalo msomaji makini anaweza kulipa alama 5. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi, mtu asianze kulia wala kuandika wosia kwa sababu ya picha peke yake. Kinyama kipelekwe patholojia kwanza.

Nani anapigwa picha, nani anabaki

Ugonjwa huu hauwagusi wanaume wote sawa. Nchini Uingereza, ambako takwimu zimetunzwa, mwanamume 1 kati ya 8 hugundulika na saratani ya tezi dume maishani mwake. Kwa wanaume weusi ni 1 kati ya 4. Tafiti zilizojenga utaratibu huu wa picha, hata hivyo, ziliandikisha wanaume weupe kwa sehemu kubwa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao TRANSFORM, wenye bajeti ya pauni milioni 42 na ulioanza kualika wanaume mwaka 2025, umejiwekea sharti kwamba angalau 1 kati ya kila 10 wanaoalikwa awe mweusi, na kwamba weusi waalikwe kuanzia miaka 45 badala ya 50. Mswahili mwenzetu anayeishi huko akipata barua hiyo asiitupe akidhani ni matangazo.

Kuuficha ugonjwa huu nako kuna historia yake. Lloyd Austin, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume Desemba 2023, akarudishwa hospitali siku ya mwaka mpya kwa matatizo yaliyofuata, na Rais wake hakujua mpaka siku kadhaa baadaye. Mtu aliyesimamia jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani aliona haya kutaja tezi. Aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, David Cameron, alichagua njia nyingine. Novemba 2025 alisimulia hadharani kwamba mkewe alimsukuma akapime. PSA ikaonekana juu, akapigwa MRI, doa likaonekana, ndipo akachomwa biopsi. Mpangilio ni huo huo niliouelezea hapo juu, na aliyeuanzisha ni mke.

Turudi nyumbani. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume nchini Tanzania, Kenya na Uganda. Daftari la saratani la Kampala, ambalo ni miongoni mwa makongwe barani Afrika, limeonyesha kwa miongo mingi jinsi inavyoongezeka. Na wengi wanaofika hospitali za Ocean Road au Mulago hufika ugonjwa umekwisha kuingia mifupani.

Kwa hiyo swali la haki ni kama sisi tuna haja ya kubishana kuhusu MRI, wakati wengi hawajapima hata PSA. Nadhani tunayo, ila kwa kiasi. Mashine zipo: Muhimbili, Nairobi, Kampala, na kwenye hospitali binafsi za miji mikubwa. Ni chache, foleni ni ndefu, na bei humlazimu mtu wa Lindi au Turkana kuuza ng'ombe kabla hajapanda basi. Hata hivyo biopsi ya kubahatisha nayo si bure. Ikikosa hurudiwa, na kila inaporudiwa nauli hulipwa upya.

Habari njema kwetu imetoka kwenye utafiti wa PRIME, uliochapishwa mwaka 2025 kwenye jarida la JAMA. Wanaume 490 kutoka nchi 12 walisomewa picha kwa namna mbili: yenye gadolini na isiyokuwa nayo. Saratani ya kuogopwa ilipatikana kwa asilimia 29.2 kwa picha fupi, isiyo na gadolini, na 29.6 kwa ndefu. Hakuna tofauti ya maana. Picha fupi huchukua dakika 15 hadi 20, haihitaji dawa ya mshipani wala mtu wa kuichoma. Mashine moja inaweza kuhudumia karibu mara mbili ya idadi ya wagonjwa kwa siku. Ningekuwa msimamizi wa mfuko wa bima, ningeanzia hapo.

Sharti lake ni moja, nalo watafiti wenyewe walilisisitiza: picha iwe bora na msomaji awe amezoea. Hapa ndipo penye pengo letu. Kununua sumaku kunahitaji fedha na sherehe ya kukata utepe. Kumfundisha daktari wa radiolojia kusoma mamia ya tezi hadi jicho lizoee kunahitaji miaka. Picha mbaya iliyosomwa na asiyezoea ni hatari kuliko kukosa picha, kwa sababu humpa mgonjwa utulivu ambao hajaupata kwa haki. Wapo wanaotegemea akili bandia izibe pengo hilo. Utafiti wa PI-CAI, ulioongozwa kutoka Nijmegen, Uholanzi, ulionyesha mwaka 2024 kwamba programu iliyofunzwa kwa picha za maelfu ya wanaume iliwashinda kwa wastani madaktari 62 wa radiolojia. Lakini picha hizo zilitoka Uholanzi na Norway. Kabla ya kuikabidhi wazee wa Mtwara na Kisumu, ijaribiwe kwanza kwenye picha zao.

Tena, hospitali isiyo na programu ya kuunganisha picha ya MRI na altrasaundi haina sababu ya kukata tamaa. Daktari anaweza kuitazama picha ukutani, akakariri doa lilipo, kisha akaelekeza sindano hapo kwa jicho. Njia hiyo iliruhusiwa hata katika PRECISION.

Msomaji mwenye miaka 45 na kuendelea, hasa kama baba au kaka aliugua, azungumze na daktari kuhusu PSA. Ikipanda, ipimwe tena kabla ya lolote, kwa kuwa maambukizi ya mkojo au mpira wa mkojo uliowekwa karibuni huipandisha. Ikibaki juu, muulize daktari maswali haya: picha inaweza kupatikana kabla ya sindano? Nani ataisoma, na husoma ngapi? Sindano itapita msambani au njia ya haja kubwa? Ukiambiwa picha ni safi, usitoweke. Endelea kupima PSA kama utakavyoelekezwa, ukiwakumbuka wale 17. Lakini mzee ambaye PSA yake imefika mamia na mifupa inauma usimweke kwenye foleni ya MRI ya tezi. Ugonjwa wake umeshajionyesha. Huyo apelekwe akaanze dawa.